Pensi kwa ua la mpunga: historia ya chombo kidogo kati ya Yangambi na Basoko



Leo ninaandika juu ya pensi. Wandugu wa Dar es Salaam wakisoma hapa watacheka, kwa sababu kwao pensi ni suruali fupi. Sisi huku Tshopo neno tulilitoa kwa Wabelgiji, na tukalipakia kila kitu. Ukifika Basoko, fundi wa moto iko na pensi yake, ile nzito ya kukaza waya wa breki. Fundi wa redio iko na pensi yake yenye mdomo mrefu. Infirmie kwenye sentre ya afya anatoa mwiba kwa pensi. Dada anayetengeneza nyusi za wenzake, naye anasema pensi. Kiswahili cha Pwani kinatenganisha: koleo ni kile chombo cha mhunzi na cha fundi, chenye mikono miwili na msumari katikati, kibano ni kile chembamba cha kubana kitu kidogo kwa vidole viwili. Kuna na plaisi. Sisi tunasema pensi, tunamaliza. Njo maana kwenye TP, mwalimu akisema leteni pensi, mmoja analeta chombo cha umeme, mwingine analeta cha nyusi, na wote wawili wamejibu vizuri.

Katika andiko hili nitaazima maneno ya Pwani, koleo na kibano, maana bila hayo sitaweza kueleza kitu.

Nilifanya memware yangu ya lisansi juu ya mpunga, na kwa mpunga mtu anajifunza haraka kwamba chombo ni nusu ya matokeo. Lakini nilipotafuta historia ya chombo chenyewe, nilikuta watu wameandika sana juu ya mbegu, juu ya maprofesa, juu ya vituo, na kidogo sana juu ya kile kilichokuwa mkononi. Basi nimejaribu kukusanya ninachokijua, kuanzia mto wetu.

Kwanza nguvu yenyewe, kwa sababu hapa watu wanachanganya. Koleo lina egemeo katikati. Ukishika mikono yake sentimita 12 kutoka kwenye msumari, na mdomo wake ni sentimita 3, nguvu yako inazidishwa mara 4. Ukichukua lile la mdomo mrefu, sentimita 6, nguvu kwenye ncha inazidishwa mara 2 tu. Mdomo mrefu unafika mbali, lakini unalipa kwa nguvu. Fundi anayetaka kukunja waya mnene kwa ncha ya koleo la mdomo mrefu anapindisha koleo, waya unabaki unamtazama.

Kibano kinafanya kinyume. Egemeo lake liko nyuma, pale mabati mawili yanapoungana. Wewe unabonyeza katikati, na kazi inafanyika mbele. Kibano cha sentimita 12 ukikibonyeza sentimita 6 kutoka nyuma, ncha inapata nusu tu ya nguvu yako, lakini inatembea mara mbili ya vidole vyako. Hesabu hiyo iko na faida na hasara. Faida: huwezi kuponda kitu kwa urahisi. Hasara: mtetemo wa kidole nao unazidishwa mara mbili. Kwa hiyo anayenunua kibano kirefu akidhani ni kizuri zaidi kwa sababu kinafika ndani, ananunua mtetemo pia. Kwa ua la mpunga, kifupi kinatosha, na kinashikwa karibu na ncha kama kalamu.

Sasa historia. Mtu wa kwanza ambaye kila mwanafunzi wa agronomia anamjua, Mendel, alikuwa mtu wa kibano. Tunakumbuka uwiano wa 3 kwa 1, tunasahau kazi ya mikono. Kwenye maelezo yake aliyoyasoma mjini Brno mwaka 1865 na kuchapishwa 1866, anaeleza jinsi alivyofungua ua la njegere kabla halijakomaa, akatoa petali ile ya chini inayofunika viungo vya uzazi, kisha akang'oa stameni moja moja kwa kibano, polepole, na hapo hapo akapaka chavua ya mmea mwingine. Alirudia hivyo miaka na miaka. Bila ule uvumilivu wa vidole, ua lingejichavusha lenyewe, na hesabu zote zingekuwa uongo. Chavua moja ya mgeni, au chavua moja ya mwenye nyumba iliyosahauliwa ndani, inatosha kuharibu.

Ua la njegere ni kubwa. Mpunga je?

Mpunga na Kiswahili vilifika kwetu katika mtumbwi mmoja. Wafanyabiashara Waswahili na Waarabu waliotoka Pwani kupitia Maniema njo walieneza mpunga huku katika karne ya 19, hadi kwenye maporomoko ambayo leo ni Kisangani. Tippu Tip aliwekwa kuwa wali wa Stanley Falls mwaka 1887. Miaka miwili baadaye, 1889, Dola Huru la Kongo lilijenga kambi yenye ngome pale Basoko, kwenye mdomo wa Aruwimi, kuwazuia hao hao wasishuke zaidi. Kwa hiyo Basoko yetu, kama mji wa kikoloni, ilizaliwa kwa ajili ya kufunga mlango. Mlango ulifungwa kwa watu, mpunga ulipita. Leo ukishuka mto kutoka Kisangani, ukaacha Yangambi kulia, ukapita Isangi pale Lomami inapoingia, hadi Basoko, uko katika nchi ya mpunga wa mlimani, ule unaopandwa kwenye msitu uliokatwa, bila maji ya kusimama.

(Na kabla ya hayo yote, wazee wetu wa mto walikuwa na koleo. Zile liganda, vile vyuma virefu vya umbo la mkuki ambavyo Walokele, Watopoke na Waturumbu walivitumia kama mali ya ndoa, hakuna anayevifua kwa mikono mitupu juu ya moto. Mara nyingi tunaongea kana kwamba chombo cha chuma kilikuja na meli ya mvuke.)

Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, na Yangambi ikawa makao yake makubwa huku Kongo. Ndani ya miaka michache palikuwa na mashamba ya majaribio, maabara, herbarium, nyumba za wafanyakazi, mji mzima msituni. Mpunga ulikuwa moja ya kazi zake. Aina kama R66 na OS6 zilitoka Yangambi, na OS6 haikubaki kwetu: ilienda hadi Nigeria, kule wanaiita FARO 11. Mwanafunzi wa Ibadan anaijua kwa namba ya Nigeria, na hajui kwamba ilitoka kwenye kilima juu ya mto Kongo.

Kuboresha mpunga kwa kuchanganya aina mbili kunataka uingie ndani ya ua. Na ua la mpunga ni chumba kidogo kabisa. Makapi mawili yaliyofungana, urefu milimita 7 hadi 9 hivi, upana milimita 2 au 3. Ndani kuna stameni 6, na katikati yake stigma mbili zenye manyoya, laini kama unyoya wa kifaranga. Asubuhi kati ya saa tatu na saa tano, jua likipanda, makapi yanafunguka yenyewe, stameni zinatoka nje, chavua inamwagika, na baada ya saa moja hivi mlango umefungwa. Kwa kawaida ua limekwisha kujichavusha kabla hujalisalimia. Kwa hiyo lazima uingie mapema, jioni ya siku iliyotangulia au alfajiri, wakati makapi yamefungwa bado.

Njia ya kawaida: unachagua suke lililotoka nusu. Maua ya juu kabisa yaliyokwisha kufunguka unayatupa. Ya chini, machanga mno, unayatupa pia. Yaliyobaki unayatazama dhidi ya mwanga. Stameni zikionekana zimefika nusu ya urefu wa ua, hilo ni tayari. Kwa mkasi mdogo unakata theluthi ya juu ya makapi, kwa mshazari. Kisha kibano kinaingia kupitia dirisha hilo, kinatoa stameni sita, moja moja. Sita, siyo tano. Unafunika suke kwa mfuko wa karatasi, na kesho yake saa nne unaleta chavua ya baba.

Hapo njo swali la pensi gani linakuwa swali la kweli. Nitaeleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wanaokuja kuniuliza.

Ncha iwe laini bila meno. Meno yanasaidia kushika pamba ya hospitali, lakini hapa yanapasua chavulio, na chavulio likipasuka ndani ya ua umekwisha kufanya ndoa usiyoitaka. Ncha iwe nyembamba, nusu milimita au chini yake, lakini isiwe kali kama sindano. Wanafunzi wengi wanataka ile kali kabisa ya mafundi wa saa, zile za Uswisi zenye namba, namba 5 hasa. Ni chombo kizuri sana, ninaiheshimu, lakini katika mkono usiozoea inachoma stigma, na stigma iliyochomwa haitazaa. Kwa kuanza, ncha nyembamba yenye kona zilizolainishwa ni bora. Ukishapata mkono, endelea na namba 5.

Kabla ya kununua, kifunge kibano mbele ya mwanga. Ncha zinapaswa kukutana kwanza kabisa mbele, bila nafasi, bila moja kupita pembeni ya mwenzake. Kisha bonyeza zaidi kidogo: vibano vingi vya soko vinafunguka tena kwenye ncha ukibonyeza kwa nguvu, kwa sababu bati ni jembamba na linapinda. Hicho kiache. Angalia na springi. Jioni moja unaweza kukifungua na kukifunga mara mia nyingi. Springi ngumu itakumaliza kidole gumba kabla ya giza, na mkono uliochoka njo unasahau stameni ya sita.

Iliyonyooka au iliyopinda? Kwa suke lililo mbele yako, iliyonyooka. Iliyopinda inafaa pale mkono wako unapozuia macho yako kuona ncha, kwa mfano ua lililo ndani ya kwapa la jani. Na usikamate chavulio lenyewe. Kamata uzi wake, chini, uvute juu. Kati ya mmea na mmea, chovya ncha kwenye alkoholi na uache ikauke kabisa. Chavua inakufa kwa alkoholi, na stigma pia, kwa hiyo ile "ikauke kabisa" siyo mapambo ya sentensi.

Yangambi inanyesha karibu milimita 1,800 kwa mwaka, na hewa ya Basoko unaijua mwenyewe. Kibano cha chuma cha kawaida kinashika kutu ndani ya wiki, na kutu inaanza pale pale kwenye ncha. Nunua cha chuma kisichoshika kutu, ukifute, ukitie tone la mafuta, ukivike kipande cha mrija wa plastiki kwenye ncha. Kikianguka chini kwa ncha mara moja, kimekufa.

Lakini si kila mmea unaomba kibano, na hapa ninaona vijana wengi wanapoteza pesa. Mahindi: ua la kiume liko juu, la kike liko pembeni, unang'oa la juu kwa mkono, hakuna chombo. Muhogo nao maua ya kiume na ya kike yanatengana. Kahawa arabika, ambayo INEAC iliishughulikia kule Mulungu, Kivu, inajichavusha yenyewe, kwa hiyo lazima ihasiwe. Ila stameni zake zimeshikamana na bomba la petali, ukivuta bomba lote kwa namna nzuri stameni zote zinatoka nalo kwa mara moja. Robusta ni hadithi nyingine. Jina hilo lilienea duniani karibu mwaka 1900 kupitia wauza mimea wa Brussels waliopata mbegu kutoka Lomami, huo Lomami wetu unaoingia mtoni Isangi, na kutoka hapo ikapelekwa Java ambako kutu ya majani ilikuwa imeua arabika. Robusta haikubali chavua yake mwenyewe. Kumbe mmea wenyewe umekwisha kufanya kazi ya kibano. Wewe unazuia wageni kwa mfuko tu.

Na mchikichi, mbila yetu? Hapa ninataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa njo Yangambi ilibadilisha dunia, na kwa sababu Basoko inahusika hadi leo.

Tunda la mchikichi liko na namna tatu. Dura, ganda nene kuzunguka kokwa. Pisifera, halina ganda, lakini mara nyingi vichala vyake vinaharibika bila kuzaa. Na tenera, ganda jembamba, nyama nyingi, mafuta zaidi kuliko dura kwa karibu asilimia 30. Kila mtu alitaka tenera. Walichukua mbegu za tenera nzuri, pamoja na zile za mti maarufu wa bustani ya Eala ulioitwa Djongo, wakapanda Yangambi, wakangoja. Na kila mara watoto walitoka wamechanganyika. Walidhani labda hawajachagua vizuri. Mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen walichapisha jibu: tenera siyo kabila, ni mchanganyiko. Jini moja linaamua ganda. Ukizalisha tenera kwa tenera unapata robo dura, nusu tenera, robo pisifera, milele na milele. Ukizalisha dura kwa pisifera, unapata tenera watupu. Mwaka 2013 jini lenyewe lilitambuliwa, na hesabu ya 1941 ilisimama.

Leo mashamba makubwa ya mchikichi ya Malaysia na Indonesia yanapanda dura kwa pisifera. Chimbuko lake ni kilima chetu.

Kwa chombo: mchikichi una maua ya kiume na ya kike katika mashada tofauti, kwa hiyo hakuna kuhasi. Kazi iko kwenye nafasi. Shada la kike linatokea katika kwapa la jani, limebanwa kati ya shina na mguu wa jani, na mguu huo una miiba. Lazima upasue ala inayolifunika, ulivike mfuko kabla maua hayajafunguka, uzungushe pamba kwenye kikonyo, ufunge kwa kamba au waya ili hata mdudu mmoja mwenye chavua asipite. Mkono hauingii vizuri. Hapa njo koleo la mdomo mrefu, ikiwezekana lile lililopinda kwenye ncha, linapata heshima yake: linakaza waya ndani ya kwapa ambapo vidole vinachomwa. Nguvu ndogo inatosha, waya ni mwembamba. Kinachohitajika ni kufika. Mtu akiwa na koleo fupi na nene hapo, ataacha fundo limelegea na kusema limekaza.

Na fundo lililolegea ni nini? Katika Yangambi ya miaka ya 1930, fundo lililolegea lingeficha ule uwiano wa robo, nusu, robo. Katika Basoko ya leo ni kitu kingine. Tuko na shamba kubwa la Lokutu, lile lililoanzishwa na Lever kwa jina la Elisabetha baada ya mkataba wa 1911, na pembeni yake wakulima wengi wadogo wanaotaka mbegu bora. Mche wa dura na mche wa tenera, ukiwa kwenye mfuko wa pepinyere, unafanana kama mapacha. Muuzaji anasema ni tenera. Mkulima anapanda, anapalilia miaka mitatu au minne, ndipo mti unazaa, anakata tunda kwa kisu na kukuta ganda nene. Nani atamrudishia miaka minne? Kama mama alikuwa dura kweli na baba pisifera kweli, hakuna hata dura moja inayoweza kutoka. Dura ikionekana katika mbegu hizo, ama chavua ya nje iliingia kwenye mfuko, ama mbegu haikuwahi kuona mfuko. Mimi ninafikiri mhitimu wa agronomia anayeuza miche Basoko anapaswa kuweza kumwonyesha mteja fundo lake. Wengine wataniita mkali.

Kuna hadithi moja zaidi ya nafasi finyu ambayo vijana wetu wanaolima vanila kule Beni na Mambasa wanapaswa kuijua. Vanila ilitoka Meksiko, na nje ya Meksiko ilitoa maua bila matunda. Mwaka 1836, Mbelgiji Charles Morren, kule Liège, alifaulu kuichavusha kwa mkono. Njia yake haikuenea mashambani. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond alitafuta yake: kijiti chembamba kinainua ule utando mdogo unaotenganisha kiume na kike, kidole gumba kinasukuma chavua, basi. Sekunde chache. Ua la vanila linafunguka siku moja tu, kwa hiyo sekunde ni mali. Njia hiyo inatumika mpaka leo, huko Madagaska, Komoro, Uganda, na kwetu. Kijiti. Hakuna kibano cha Uswisi. Alipoachiwa huru mwaka 1848 alipewa jina la Albius, akafa maskini mwaka 1880, na katikati ya hayo mtaalamu wa mimea mmoja alijaribu kudai kwamba yeye ndiye aliyemfundisha. Yule bwana wake wa zamani alimtetea mtoto kwa barua, njo maana tunalijua jina lake.

Hilo linanirudisha Yangambi. Kwenye jalada la 1941 kuna majina mawili, yote ya Wazungu. Watu waliopanda kwenye michikichi ile, waliofunga mifuko, waliopuliza chavua, waliohesabu matunda maelfu kwa maelfu na kuyakata kwa kisu kuona ganda, walikuwa watu wa kando ya mto, Waturumbu, Walokele, na wengine waliotoka mbali. Kwa mpunga vile vile. Chuo kikuu cha kwanza nchini, Lovanium, kilifunguliwa 1954. Hadi uhuru wa 1960 wahitimu Wakongo walikuwa wachache mno. Hawa waliitwa wasaidizi, makarani, wafanyakazi, na ujuzi wao wa vidole haukuwa na diploma. Ninaposoma uwiano mzuri vile, bila uchafu wa chavua ya nje, ninaona mkono wa mtu aliyefunga vizuri, na mtu huyo sina jina lake.

Wenye kibano duniani, kwa upande wao, walitafuta namna ya kukiacha. Mwaka 1938 Mmarekani Jodon alionyesha kwamba ukichovya suke la mpunga kwenye maji ya moto kati ya digrii 40 na 44 kwa dakika 10 hivi, chavua inakufa na upande wa kike unabaki hai. Thermosi na kipimajoto, umemaliza. Baadaye, Ufilipino, kwenye taasisi ya IRRI iliyoanzishwa 1960, walienda kwenye pampu ya kunyonya: unakata makapi, mrija mwembamba unanyonya stameni zote. IR8, ule mpunga mfupi uliotolewa 1966, ulitoka kwenye mchanganyiko wa Peta ya Indonesia na Dee-geo-woo-gen ya Taiwan uliofanywa mwaka 1962. Halafu Wachina, kikundi cha Yuan Longping: mwaka 1970, kisiwani Hainan, walipata mpunga pori ambao chavua yake ni tasa kwa asili. Mmea usiohitaji kuhasiwa. Kutoka hapo mpunga wa hibridi ukawezekana kwa mamilioni ya hekta, maana hakuna jeshi la vibano linaloweza kuhasi hekta moja.

Mtu ataniuliza, sasa kwa nini unatuchosha na kibano? Kwa sababu pampu inataka umeme, na Basoko umeme ni jenereta ya mtu. Maji ya moto yanataka kipimajoto kizuri na mkono wa haraka. Digrii 2 zaidi umepika suke. Kibano kinataka macho, mwanga wa asubuhi, na kiti kifupi. INERA, iliyochukua urithi wa INEAC mwaka 1970, ilipita katika miaka migumu, vita vya miaka ya 1990 vilitoa hata chuo chetu IFA kutoka Yangambi kukileta Kisangani, na bado mtu mwenye kibano, mkasi na mifuko ya karatasi aliweza kufanya mchanganyiko kwenye ndoo tano nyuma ya nyumba.

Wanafunzi wameniuliza bei na fasi ya kununua. Bei inabadilika na dola, siwezi kuiandika. Kisangani, pita kwanza kwa wauza vifaa vya fundi wa simu kabla ya kwenda kwa wauza vifaa vya hospitali. Vile vya simu ni vyembamba zaidi, havina meno, na mara nyingi ni vya chuma kisichoshika kutu. Vijaribu dhidi ya mwanga kama nilivyoeleza, vyote kwenye kisanduku, mwuzaji atakasirika kidogo, mwache akasirike. Chukua viwili, kilichonyooka na kilichopinda. Ongeza mkasi mdogo wa ncha kali, chupa ndogo ya alkoholi, penseli (wino wa kalamu unafutika na mvua) na lebo. Kama unafanya mchikichi, tafuta koleo la mdomo mrefu lililopinda kwa wauza vipuri vya moto, na ulijaribu kwa kukaza waya ndani ya chupa ya plastiki iliyokatwa shingo: ukiweza humo, utaweza na kwenye kwapa la jani.

Mpunga wa msimu huu unaanza kutoa masuke. Wenye swali waweke hapa chini, nitajibu jioni nikipata rezo.